Doa Jeupe na Waganga Wake: Mwongozo kwa Mgeni wa Mpala

Mgeni anayeshuka mtumbwi wa injini pale Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, akitokea Kalemie, suruali imelowa hadi magotini na begi linanuka ndagala, hutendewa wema usiolingana na sura yake. Atapewa maji ya kunawa. Atapewa kiti chenye kitambaa cha kufumwa mgongoni. Baada ya muda bukari itafika, na sufuria ya mikebuka iliyotoka mbabulani sasa hivi, bado inatokota. Hapo ndipo mwongozo huu unapoanza kazi, kwa sababu mgeni aliyelelewa vizuri hawezi kukaa tu akitazama. Atainuka, atasema, "Lete, Mama, mimi nitabeba," ataipokea sufuria na kuitua mezani. Si juu ya mkeka. Si juu ya nkata. Si juu ya kile kibao kilichowekwa pale kwa kazi hiyohiyo. Ataitua mezani kwenyewe, juu ya mbao za mulombwa (ng'ambo ya ziwa wanauita mninga) zilizopigwa randa na kupakwa polishi na marehemu baba wa nyumba.

Mtakula vizuri. Sufuria ikiondolewa mtaona duara jeupe, ukubwa wa kitako chake, ukingo umekolea na katikati kuna ukungu. Mwenye nyumba ataliona kabla yako. Atasema, "Haizuru, mutoto yangu," naye atamaanisha kwamba mambo hayo yataongelewa ukishapanda mtumbwi.

Shauri la kwanza kwa mgeni ni kunyamaza. Omba radhi mara moja, kwa heshima, kisha funga mdomo. Kosa wanalolifanya wengi si sufuria. Sufuria ni ajali. Kosa ni kuuliza, kwa sauti inayosikika mpaka uani, "Hivi doa kama hili hutolewa kwa nini?" Swali hilo halina mtu asiyelijua jibu lake kuanzia Mpala mpaka Moba. Ukiliuliza saa nane mchana, jua halitazama kabla hujapewa dawa saba, kila moja na ushahidi wa shangazi wa mtu, na kabla ya kesho asubuhi meza itakuwa imezipokea zote.

Wakati waganga wanakusanyika, ni vizuri ujue mgonjwa anaumwa nini.

Mti haujaungua. Kilichodhurika ni ngozi iliyopakwa juu ya mti, ambayo unene wake unakaribia karatasi ya daftari. Meza nyingi za zamani zilipakwa polishi ya spiriti, ambayo malighafi yake ni laki, ute wa mdudu mdogo anayefugwa kwenye miti huko India, ulioyeyushwa katika spiriti. Polishi hiyo hung'aa kwa uzuri ambao vanishi za kopo za siku hizi hazijaufikia, ila ina udhaifu mmoja: huanza kulegea kabla joto halijafika nyuzi 80. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Mpala huchemka kwenye nyuzi 97 na kidogo badala ya 100. Nyuzi hizo mbili tatu zisikupe moyo. Kitako cha sufuria kinafika mezani na joto la kutosha kuilegeza ngozi ile, na mvuke uliobanwa chini yake hauna pengine pa kukimbilia isipokuwa ndani. Ikipoa, ngozi inajifunga na unyevu umo. Sasa imejaa vitundu vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, na mwanga uliokuwa ukipenya mpaka kwenye mti na kurudi na wekundu wake unatawanyika njiani. Macho yanaona weupe.

Kwa hiyo weupe ni habari njema. Unasema kwamba maji yamekwama kwenye ngozi na hayajaufikia mwili. Doa jeusi ni habari nyingine kabisa, nitaligusa baadaye, tena kwa ufupi, kwa sababu mwenye doa jeusi hahitaji mwongozo, anahitaji fundi.

Sasa fungua mlango, wamefika.

Wa kwanza kuingia ni nkambo wa nyumba ya jirani, na dawa yake ni majivu. Mpokee kwa heshima zote, na si kwa sababu ya umri tu: kati ya wote watakaokuja leo, yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Majivu makavu, laini, yaliyochanganywa na tone la mafuta, yakisuguliwa polepole kwa kitambaa kufuata nyuzi za mti, hula ngozi ya juu kidogo sana, na mara nyingi weupe uko hapohapo juu. Mafundi wa kale wa nchi nyingi walifanya hivyo. Shida ni kwamba majivu ya mbabula si unga. Yana vipande vya makala, yana mchanga, yana udongo wa mbabula yenyewe, na kimoja kati ya hivyo kinatosha kuchora mstari kutoka pembe hii ya meza mpaka ile. Lazima yachekechwe kwa kitambaa cha kanga chakavu, mara mbili. Nkambo anajua hilo. Mjukuu aliyetumwa kuyaleta hajui, na atayaleta kwenye kopo lililokuwa na maji.

Hapo simama, hata kama utaonekana huna adabu. Majivu na maji ni kitu kingine: ni magadi, ile nguvu inayotumika kulainisha maharage na kutengenezea sabuni. Hula polishi ya spiriti kama inavyokula mafuta kwenye nguo. Na mti wenye asili ya kukausha ulimi, kama gome la dawa unalolitafuna, ukiguswa na magadi hubadilika rangi ukawa wa kahawia iliyoiva vibaya. Ulikuwa na duara jeupe; sasa una duara jeupe ndani ya ziwa la kahawia.

Wa pili ni mama mdogo wa nyumba, naye hana maneno mengi. Amekuja na chupa ya mawese.

Niseme neno la haki juu ya mafuta kwa jumla, kwa sababu yanasaidia, na ni vizuri kujua kwa nini. Tazama karatasi iliyofungia mikate ya kukaanga inayouzwa asubuhi: pale mafuta yalipoingia unaweza kusoma maandishi ya upande wa pili. Mafuta yamejaza nafasi kati ya nyuzi za karatasi na mwanga unapita. Doa nalo hutenda vivyo hivyo. Ukilipaka mafuta mepesi, au yale mafuta ya kujipaka ya kopo yasiyo na rangi, ukayaacha usiku kucha na kuyapangusa asubuhi, vitundu vinajaa na weupe unafifia. Wakati mwingine unaondoka kabisa. Wakati mwingine unarudi baada ya siku kadhaa, mafuta yakishahama, na mganga wako naye amekwisha kuhama.

Lakini mawese! Wekundu wa mawese ndio unaoyafanya yawe mawese, na unaingia popote penye upenyo. Doa litaacha kuwa jeupe, hilo ni kweli. Litakuwa la rangi ya machungwa. Tena mawese si aina ya mafuta yanayokauka. Mafuta ya kitani, ambayo mafundi hupaka kwenye mbao, hugeuka utando mgumu yakikaa hewani. Mawese yanabaki mawese, mwezi huu na ujao, yananata, yanakusanya vumbi la barabarani na nywele za mbuzi, yanachacha, na yanawaita sisimizi. Siku utakayoleta vanishi mpya itakataa kushika mahali palepale, na fundi atakuuliza maswali mbele ya watu.

(Kama huyo mama mdogo ana chupa ya mafuta ya kitani, nalo ni jambo la bahati, kumbuka kutandaza vitambaa vilivyotumika vikauke nje, kimoja kimoja. Vikikunjwa na kurundikwa kwenye kona hujipasha moto vyenyewe mpaka kuwaka. Hili si mzaha. Nyumba zimeungua hivyo.)

Wa tatu ni kijana anayerudi kutoka Kalemie na simu. Hajui kitu juu ya mbao, ila mahali fulani juu ya kilima alipata mtandao kwa dakika chache na zikamtosha. Anakuja na dawa mbili, moja ya kisasa na moja ya kifahari.

Ya kisasa ni dawa ya meno. Ndani yake kuna chaki au unga wa mchanga uliosagwa sana, kazi yake ni kukwangua meno, na itakwangua vanishi kwa moyo uleule. Ikitumika kidogo, nyeupe si ile ya maji ya rangi, kwa ncha ya kidole kilichofungwa kitambaa, huweza kulimaliza doa changa. Ila kijana wa simu hajui kidogo. Atasugua mpaka jasho litoke, na atakapopangusa utaona duara jeupe limeondoka kweli, na mahali pake pamekuja duara lisilong'aa, kubwa mara mbili, linalonukia mnanaa. Ili mng'ao ulingane itabidi kusugua meza nzima. Tyubu moja haitoshi. Nyumba nzima italala na meno machafu.

Ya kifahari ni mayonezi. Jarida la Ulaya halikosi kuitaja. Kinachofanya kazi mle ni mafuta, yaani kilekile alichokileta mama mdogo bila wekundu wake. Yai na siki ni abiria tu. Lakini mayonezi ya chupa inavuka ziwa kutoka Kigoma au inapanda kutoka Lubumbashi, na ikifika Mpala bei yake imekwisha kujua thamani yake. Paka kijiko kizima juu ya meza, mbele ya watoto ambao hawajawahi kupewa kijiko kizima, kisha waambie ni kwa ajili ya doa. Nakuachia wewe uangalie nyuso zao.

Ndimu na chumvi sina haja ya kukaa nazo. Chumvi inakwaruza, ndimu inafifisha rangi. Pikia samaki.

Ifikapo saa kumi na moja jioni anaingia shemeji. Huyu ana lutuku, ile pombe kali ya kienyeji.

Kwa nadharia, shemeji ndiye msomi wa kundi. Spiriti ndiyo iliyoyeyusha laki ilipopakwa mara ya kwanza, na spiriti ikipitishwa juu yake tena, kwa haraka, kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu kiasi cha kuacha ukungu unaokauka hapohapo, huifungua ile ngozi kwa nukta moja, unyevu ukatoka, ngozi ikajifunga safi. Mafundi wazuri hufanya hivi kwa mpigo mmoja wa mkono na kuondoka bila kugeuka nyuma. Wanatumia spiriti kali, isiyo na maji. Lutuku, hata ile ambayo shemeji anaapa kwamba inawaka ukiiwashia kiberiti, ina maji kwa kiasi kikubwa, na maji ndiyo tuliyokuwa tukiyafukuza. Ukiipangusa mara moja, unaongeza weupe. Ukiisugua, polishi inayeyuka, kitambaa kinatoka na kahawia, na hapo shemeji atapiga kelele za furaha: "Munaona? Buchafu inatoka!" Si uchafu. Ni polishi ya marehemu.

Vanishi za kisasa za kopo hazifanyi hivyo. Spiriti hupita juu yake kama mgeni asiyealikwa. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote, tia tone moja la spiriti upande wa ndani wa mguu wa meza, mahali pasipoonekana, ungoje dakika moja, uguse. Pakinata, ni polishi ya laki. Pasiponata, ni vanishi ya kopo, na lutuku ya shemeji irudishwe kwa shemeji. Ataipokea. Katika dawa zote za siku hiyo, hii ndiyo pekee ambayo sehemu kubwa yake haijawahi kufika mezani.

Kwa kuwa tumetaja makopo, acha nitoke njiani kidogo. Karne ya 19, vanishi bora kabisa za magari ya farasi ya Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa sandarusi ya Zanzibar, utomvu uliogeuka jiwe, uliochimbwa ardhini kwenye pwani ya Bahari ya Hindi na kupelekwa kwa majahazi kisha kwa meli mpaka Hamburg na Salem, Massachusetts. Wakati wa Wabelgiji, Kongo nayo ikawa muuzaji mkubwa wa sandarusi ya namna hiyo, iliyookotwa katika misitu ya mabwawa ya magharibi. Ngozi ya kung'arisha meza za dunia ilitoka kwetu, na leo tunaisubiri bandarini Kalemie ikirudi kwenye kopo, imeandikwa maelezo kwa lugha nne ambazo hakuna hata moja tunayopikia.

Mpala yenyewe si mahali pageni kwa samani za kutoka mbali. Émile Storms, mwanajeshi wa Kibelgiji, alijenga kituo hapa mwaka 1883. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa Mapadri Weupe, na baada yao akaja Kapteni Joubert na bunduki zake. Meza ya miguu minne, kabati la milango, kiti cha kuegemea, vyote vina historia ndefu katika ufukwe huu. Kabla ya hapo machifu wa Watabwa walikaa kwenye vigoda vilivyochongwa kutoka gogo moja, na mng'ao wa kigoda ulitokana na mafuta, moshi na miili ya watu waliokikalia. Hakuna ngozi ya kupakwa, kwa hiyo hakuna cha kugeuka cheupe.

Si kila kilichochongwa kilibaki huku. Desemba 1884 watu wa Storms walimuua chifu Lusinga na kuchoma kijiji chake. Sanamu yake ya ukoo ilichukuliwa, kichwa chake pia. Sanamu ile leo imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, na naweza kukuhakikishia kwamba hakuna mtunzaji atakayeisogelea na dawa ya meno. Wanaivalia glavu. Kila weusi, kila mkwaruzo, kila mng'ao wa kiganja kilichoishika zamani huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi yenyewe, na mtu akipendekeza isuguliwe ing'ae ataonyeshwa mlango. Sina maana kwamba meza ya mama wa watu iwekewe kioo. Nasema tu kwamba huko vilikopelekwa vitu vya Mpala, wameajiri wasomi wa kuhakikisha kwamba haviguswi, na huku vilikobaki tunashindana nani aanze na majivu.

Turudi kwenye dawa, maana imebaki pasi, nayo ndiyo hatari kuliko zote.

Shauri lenyewe ni zuri. Unatandaza kitambaa safi cha pamba juu ya doa, unapitisha pasi ya uvuguvugu kwa nukta chache, unainua, unatazama, unarudia. Joto linalegeza ngozi tena na unyevu unanyonywa na kitambaa. Katika nyumba yenye pasi ya umeme yenye kidude cha kupunguza joto, na mtu mwenye subira, hili hufaulu kuliko mayonezi na dawa ya meno zikiwekwa pamoja. Tatizo ni pasi ya makaa. Unaijua: chuma kizito, mfuniko wenye kijogoo kidogo mbele cha kufungia, matundu pembeni ambamo macho mekundu yanakuchungulia. Haina kipimo cha joto isipokuwa mate kwenye kidole. Aliyeishika anaitikisa ili makaa yawake, na kila akitikisa, majivu na cheche hutoka kwenye matundu yale na kutua panapopendeza. Ataiweka juu ya kitambaa, ataulizwa jambo na mtu mlangoni, atajibu kwa ukamilifu kama ilivyo desturi ya watu wastaarabu wa pwani ya ziwa. Akigeuka, duara la mgeni limepata jirani: pembetatu yenye ncha, kahawia, inayonuka sukari iliyoungua. Na hii haimo tena kwenye ngozi. Imeshuka mpaka kwenye mti.

Kuna na wale wanaopendekeza meza itolewe nje ipigwe na jua. Mbao zilizounganishwa kwa gundi, zikatoka kwenye sebule yenye kivuli na kutupwa kwenye jua la saa sita, hukauka upande mmoja, hujikunja, na maungio hufunguka kwa mlio utakaousikia ukiwa chooni. Asikuambie mtu.

Doa jeusi nimeahidi kuligusa. Linatokea maji yakipita ngozi na kukutana na mti, hasa kama kulikuwa na chuma, kitako cha kopo lenye kutu au msumari. Ile asili ya mti ya kukausha ulimi ikikutana na chuma mahali penye maji huzaa weusi wa wino; kwa kweli wino wa kuandikia ulitengenezwa hivyo Ulaya kwa karne nyingi. Majivu hayalitoi, mayonezi hailitoi, maombi sijui. Kuna unga wa asidi unaolitoa, una sumu, na hauwekwi karibu na jikoni. Kama duara liko katikati ya meza na ni jeusi, na mwenye nyumba akaapa kwamba ni la jana, jua kwamba ni la muda mrefu na wewe unatafutiwa kesi. Na ukiona mstari wa maji kwenye miguu yote minne ya meza, kwa kimo kimoja, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Kalemie tangu ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024, usiulize nani aliweka nini. Hiyo si kazi ya sufuria. Sema pole, ukae.

Je, mgeni afanye nini basi? Asifanye kitu. Naliandika hili nikijua halitafuatwa. Duara changa jeupe, likiachwa wazi, bila kitambaa, bila sahani juu yake, katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini unapopita sebuleni, mara nyingi hupungua lenyewe kwa siku chache, kwa sababu unyevu ulioingia unajua njia ya kutokea. Likikataa, mafuta mepesi yasiyo na rangi, usiku mmoja. Likikataa bado, nkambo na majivu yake yaliyochekechwa, makavu, na yeye mwenyewe akiwa ndiye anayesugua. Baada ya hapo ni fundi.

Lakini hutasubiri, najua, na wao hawatakuruhusu usubiri. Kwa hiyo siku ya tatu fundi atakuja akiwa na randa begani, kipande cha msasa mfukoni, na utulivu wa daktari aliyezoea kuitwa wakati mgonjwa ameshapitia kwa wote. Hatatazama doa. Atainama na kunusa.

"Mulitia nini hapa?"

"Hakuna kitu, Baba."

Atanusa tena, upande wa pili. "Ya meno." Atasogea. "Lutuku." Ataweka kidole kwenye rangi ya machungwa, atakitazama kidole, atamtazama mama mdogo, naye atatazama dari. Kisha ataanza kuhesabu. Msichokijua ni kwamba kuliondoa doa jeupe kungemchukua robo saa na msasa mlaini kuliko yote, na pengine asingetaka hata malipo, angekula tu. Anachotoza ni dawa. Mafuta yaliyoingia kwenye mti lazima yatolewe kwanza, la sivyo vanishi mpya itakimbia na kuacha vishimo. Pembetatu ya pasi lazima ikwanguliwe, na ukikwangua hapo meza inapata bonde, kwa hiyo lazima ukwangue yote. Mbele ya kadamnasi atataja bei ya kila mganga, mmoja mmoja, na shemeji atakumbuka kwamba ana wavu wa kuangalia ufukweni.

Lipa wewe. Wewe ndiye uliyeibeba sufuria.

Akimaliza kupaka, fundi atatoa amri moja tu: vanishi inaweza kukauka mkononi kesho, lakini kukomaa kwake ni wiki kadhaa, na kwa muda huo isiwekewe kitu cha moto wala kitambaa cha plastiki, hasa kile chenye maua, kwa sababu plastiki hulainisha vanishi mbichi na maua hubaki mezani. Atairudia amri hiyo mara mbili, akimtazama kila mmoja, na wote wataitikia. Jioni hiyohiyo mwenye nyumba atafungua sanduku na kutoa kitambaa cha plastiki chenye maua, kwa sababu Jumapili wanakuja wakwe na hawezi kuwaonyesha meza tupu. Usimzuie. Msaidie kunyoosha pembe, upande wako uwe sawa na wake.